Misalaba Midogo Nyuma ya Daftari la Historia

Haya nayaandika kwa ajili yako wewe ambaye umewahi kuangalia ubao ukiwa mtupu, ukapepesa macho, ukakuta umejaa. Hukusinzia. Hukuchungulia dirishani. Ulikuwa umekaa wima kama mtoto wa katekista, kalamu mkononi, na bado kipande cha somo kimepita bila wewe. Mwalimu anakuuliza swali na hujui hata ni swali la somo gani.

Mimi nilijibu, "Yesu."

Kipindi kilikuwa cha Kilimo.

Darasa lilicheka mpaka wa kidato jirani wakagonga ukuta. Mwalimu mwenyewe alishindwa kujizuia. Na hapo ndipo nilipojiharibia, kwa sababu niligundua kwamba kicheko kinafunika vizuri kuliko blanketi.

Naitwa Biira. Huku kwetu Bwera ni jina la binti wa pili kuzaliwa, kwa hiyo darasani tulikuwa Biira wanne, na mwalimu akiita "Biira!" tunaitika kama kwaya. Mimi nilikuwa Biira wa Vichekesho. Mama yangu ni wa Butembo, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, anauza vitenge sokoni. Baba ni Mkonzo wa milimani, analinda geti la wageni la mbuga ya wanyama kule Mweya, na anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi akiwa bado na sauti ya getini. Sisi watoto tunamwita Afande akiwa mbali. Akiwa karibu tunamwita Baba, tena haraka.

Mtu wa tatu unayepaswa kumjua ni Kabugho. Tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Mpole, mwembamba, na aliandika herufi B yenye tumbo kubwa la chini, kama mama mjamzito. Ungeijua B yake hata ingeandikwa kwenye mchanga. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona.

"Biira, umeenda tena," alininong'oneza siku moja.

"Nimeenda wapi? Si niko hapa?"

"Sijui wapi. Macho yamebaki, wewe umeenda. Nimekufinya, hukusikia."

Nikaangalia mkono. Kweli kulikuwa na alama ya kucha. Nikamwambia nilikuwa nafanya sanamu. Ni mchezo wangu mpya, nikasema, mtu anaganda, anayecheka kwanza ameshindwa. Ilipofika wiki iliyofuata darasa zima lilikuwa linacheza sanamu, na mimi nilikuwa bingwa. Hakuna aliyeweza kuganda kama Biira. Hakuna aliyejua kwamba bingwa hachezi.

Maksi zangu zikashuka kama maji ya mto Nyamwamba. Ripoti ya muhula wa kwanza iliandikwa, "Hana umakini. Mtundu." Kila mtu nyumbani akawa na jibu lake.

Mama alisema ni malaria ya kichwa. Kipimo kikasema hakuna malaria, ya kichwa wala ya mguu. Akasema basi ni minyoo. Nikameza dawa ya minyoo. Mjomba akasema ni macho; nikapelekwa Kasese kusoma herufi ukutani, nikazisoma zote pamoja na jina la kiwanda lililoandikwa chini kabisa, yule wa macho akasema mtoto huyu anaona mpaka Kongo. Shangazi akasema ni njaa, unakwenda shule na chai tupu utaweka wapi akili? Nikaanza kulishwa ugali wa muhogo na maharage kabla ya kupambazuka vizuri. Baba alisema ni simu. Alisimama mlangoni, akanyoosha mkono: "Leta. Simu imekamatwa." Padri naye aliniwekea mikono kichwani baada ya misa. Nilienda katikati ya sala. Niliporudi, alikuwa ameshasema amina na alikuwa ananisubiri mimi niseme yangu.

Sitaki uwacheke. Mimi niliwacheka na sasa naona haya. Ukweli ni kwamba kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli. Nilipokula asubuhi kichwa kiliniuma kidogo kuliko zamani. Simu ilipokamatwa nililala, na nilipolala vizuri nilienda mara chache. Simu ilikuwa na hatia, ila ya kosa jingine. Wengi wenu mnaosoma hapa, hayo tu yatawatosha: kulala, kula, kuweka simu mbali. Jaribuni kwanza. Lakini mimi nilikuwa nalala masaa manane, nimeshiba, bila simu, na bado ubao ulikuwa unajaa wenyewe.

Na nilijua. Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo nikiliandika masikio yananiwaka. Nilijua kwamba si mchezo. Shule ya msingi tulikuwa na mtoto mwenye kifafa. Alikuwa na kikombe chake peke yake, chenye kamba nyekundu, hakuna aliyekigusa. Akianguka tulikimbia, na baadaye, akiisha kupelekwa kwao, mimi ndiye niliyelala chini kumwigiza ili wenzangu wacheke. Nilimwigiza vizuri sana. Kwa hiyo Kabugho aliposema "umeenda", mimi nilichokiona ni kile kikombe chenye kamba nyekundu.

Muhula wa pili, wakati kahawa imeanikwa kwenye maturubai kila ua na mji mzima unanuka maganda, Kabugho aliniambia, "Ninakuhesabu."

"Unanihesabu mimi? Niko mmoja. Umemaliza."

"Hapana cheza, Biira. Kila ukienda naweka alama nyuma ya buku lako la Historia. Zikifika za wiki moja, mpelekee mama yako. Yeye atajua muganga wa kumwonyesha."

Nilimwambia sawa. Sikumpelekea mtu. Yeye aliendelea, siku baada ya siku, na B yake yenye tumbo: "B. saa tatu", msalaba mdogo. "B. saa tatu na robo", msalaba mdogo. "B. wakati wa Hisabati", misalaba miwili. Ukurasa wa mwisho ukajaa, akarudi nyuma ukurasa mmoja.

Kisha Bwambale akaazima daftari langu la Historia anakili habari za wafalme. Bwambale ni yule mvulana wa kila darasa ambaye sauti yake haina mlango. Alifungua upande usio wake. Akasoma. Akasimama juu ya dawati.

"Jamani! Ni nani anamwekea Biira misalaba kama makaburini?"

Daftari likapita mkono kwa mkono. Herufi ya jina langu, mstari kwa mstari, na msalaba mbele yake. Halafu mmoja akasema, "Hiyo si B ya Kabugho?" Vichwa vyote vikageuka. Watu walikumbuka kwamba bibi yake Kabugho anajua majani ya kutuliza tumbo, na anayejua majani ya kutuliza anaweza kujua na mengine.

Kabugho aliniangalia mimi. Hakujitetea. Alikuwa anasubiri niseme sentensi moja: ananihesabu kwa sababu ninaenda. Basi. Maneno hayafiki kumi.

Nikaona kamba nyekundu.

"Kumbe!" nikasema, nikishika kifua kama mama kwenye msiba. "Mimi nilidhani ni Hisabati inaniua, kumbe ni jirani!"

Darasa likapasuka. Nilipiga makofi ya mafanikio kichwani mwangu. Lakini kicheko kile hakikuisha kama vingine. Kilitoka darasani kikaenda barabarani, njiani kikaacha kuwa kicheko. Wiki hiyo hakuna aliyekaa karibu na Kabugho kwenye mstari wa uji. Wiki iliyofuata bibi yake alirushiwa mawe kwenye bati. Bibi yule aliacha kwenda kanisani. Kabla kahawa haijakauka, mama yake Kabugho alikuja shuleni kuchukua karatasi zake, akampeleka kwa shangazi yake Kahendero, kule kwenye wavuvi wa Ziwa George.

Siku ya kuondoka Kabugho alikuja kuchukua rula yake dawatini. Nilitengeneza sura ya kuchekesha. Hakucheka. Alisema, "Leo saa nne, mara mbili," akaenda.

Nikabaki na dawati zima peke yangu, na hakuna tena wa kunifinya.

Mvua za mwisho wa mwaka zilinikuta jikoni. Nilikuwa nimeshika sufuria ya uji, naitoa jikoni kuipeleka mezani. Nilichokumbuka ni kuinua. Kilichofuata ni kelele, nikashangaa nani anapiga kelele, kumbe ni mimi. Uji wa moto ulikuwa kwenye mkono wa kushoto, kutoka kiwiko mpaka vidole. Mama alinimwagia maji ya mtungi mzima.

"Tusiende na mikono mitupu," alisema akitafuta, "kule banaandikaka mu buku." Ukienda zahanati huku kwetu, unakwenda na daftari lako waandike matibabu. Mama akavuta mkoba wangu wa shule, akachagua lile lenye kurasa nyingi nyeupe. Bila shaka lilikuwa la Historia. Huko ndiko nilikoandika kidogo kuliko masomo yote.

Benchi la kusubiri lilikuwa refu. Kulikuwa na mzee anayekohoa, mama mwenye mapacha, na mimi, mkono umefungwa kitenge cha biashara ya Mama chenye picha za kuku. Nilijaribu kuwachekesha wale mapacha. Mmoja alicheka. Nilimshukuru yule mtoto kimoyomoyo kuliko anavyoweza kujua.

Muuguzi aliitwa Sista Kanyere, mwanamke wa Beni aliyekimbia vita akaendelea na kazi ileile upande huu. Alinisafisha mkono polepole, huku ananiuliza maswali. Jina. Umri. Shule. Kisha nikaona amesimamisha kitambaa hewani, ananiangalia kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya.

"Nilikuuliza nini?" akasema.

"Shule."

"Hapana, mutoto wangu. Nilikuuliza tena vitu bitatu, nyuma ya ile ya shule."

Mama akaanza kueleza kwamba mutoto huyu ni mutundu, anapendaka kuchekesha. Sista akafungua daftari atafute mahali pa kuandika, na kwa kuwa mbele kulikuwa na wafalme, akaanzia nyuma.

Alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Akatumia kidole.

"Nani aliandika hii?"

Mama akachungulia, akapiga ishara ya msalaba. Habari za mjini alikuwa amezisikia. "Ee Yezu. Ni ule mutoto wa—"

"Mutu huyu," Sista akasema, "amefanya kazi ya muganga. Iko na saa. Iko na siku. Mimi niko na miaka kumi na mbili mu kazi hii, sijapata mugonjwa moja wa kuniletea hesabu kama hii. Iko wapi huyu mutoto nimupe mukono?"

Nilijifanya nimeenda. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kujifanya kweli.

Sista aliandika kwa Kifaransa, kama walivyomfundisha kwao, maneno machache na tarehe ya kwenda hospitali kubwa Kasese. Akamvuta Mama pembeni akamweleza. Mama alitoka macho mekundu na hakuniambia kitu. Alitaka kwanza amwambie Baba vizuri, akiwa ameshiba. Lakini kesho yake ilimlazimu kuvuka mpaka kuchukua vitenge, na siku hiyohiyo, ndipo Baba akarudi kwa likizo, akakuta daftari mezani.

Baba hajui Kifaransa. Anajua Kiingereza cha getini. Na aliona neno moja analolijua, kwa sababu linaandikwa vilevile: absences, yaani kutokuwepo. Mbele yake, tarakimu: nane mpaka kumi kwa siku.

"Biira! Kuja hapa. Simama sawasawa. Hii nini?"

"Ni ya hospitali, Baba."

"Mimi naona. Hata muganga amejua wewe unatoroka shule! Kwetu kazini, ukikosa mara tatu unarudisha yunifomu. Wewe mara nane! Kwa siku!"

Akanishika mkono ule usioungua, tukaenda shuleni, yeye na sare yake, mimi na bandeji yangu. Mwalimu wa darasa alileta rejista. Akapitisha kidole kwenye mstari wangu kutoka Februari.

"Mzee, binti yako hajakosa hata siku moja. Ningefurahi akose moja nipumzike."

"Muganga ameandika nane."

"Kwa siku tuna vipindi nane."

"Sasa unaona! Alikosa vyote!"

"Lakini alikuwa darasani."

"Alikuwa?"

"Alikuwa."

"Basi hizi absences ni za nani?"

Mwalimu akafunga rejista, akanigeukia. "Kusema kweli," akasema taratibu, "ukiniuliza kama huwa yupo akiwa yupo, hilo siwezi kutia sahihi."

Baba alidhani anafanyiwa mzaha na watu wawili kwa pamoja. Akanipigisha magoti kwenye changarawe mbele ya ofisi ya walimu, wakati wa mapumziko, shule nzima inapita. Ungekuwa wewe ungesema. Mimi nilipiga magoti nikafikiria: afadhali mtoro kuliko kifafa. Mtoro ana marafiki. Bwambale alipita akanipigia saluti. Nikamrudishia saluti kwa mkono wenye bandeji, watu wakacheka, na kwa mara ya kwanza nilitamani kicheko kile kiishe.

Mama alirudi jioni ya siku hiyo, akasikia, akaweka mzigo chini.

"Weye Baba Biira," akasema, "ile haiko absence ya masomo. Ni absence ya mutu."

"Ya mtu namna gani?"

"Iko pale, lakini haiko. Kichwa inazimika kidogo, halafu inawaka. Ni kifafa, ile ndogo, ile haiangushi. Sista alinieleza. Si kurogwa. Si utundu."

Neno lile lilikuwa limesemwa ndani ya nyumba yetu na paa halikuanguka. Baba alivua kofia. Aliiweka mezani juu ya daftari, akaitoa, akaiweka magotini.

Kasese tulikwenda wote watatu. Benchi la huko ni la chuma na lina baridi hata jua likiwa kali. Daktari alikuwa kijana, akakata kipande cha karatasi kama utepe, akanishikisha mbele ya mdomo. "Puliza. Usiache mpaka niseme. Mzee, kaa mbele yake umwangalie." Nikapuliza. Karatasi ikacheza. Nikawaza utani wa kusema nikimaliza, kitu kuhusu keki ya siku ya kuzaliwa.

Halafu Baba alikuwa amepiga magoti mbele yangu sakafuni na kofia yake imebingirika mpaka chini ya kitanda.

"Imekuwaje?" nikauliza. "Nipulize tena?"

"Nilikuita," Baba akasema. Sauti ya getini haikuwepo. "Nilikuita mara tatu. Macho iko kwangu. Wewe hapana."

Daktari alisema kupuliza vile ndiko kulikonipeleka, alisema jina la ugonjwa, alisema una dawa, na kwamba wengi wa rika langu unawaachia wakikua, ila hawezi kuahidi. Aliligeuza daftari. "Huyu aliyehesabu aendelee. Dawa ikianza, hesabu ndiyo itatuambia kama inafanya kazi."

"Amehama," nikasema.

Mama aliniangalia. Mama hajui kusoma sura za watu wote, ila yangu anaijua.

Nje, Baba aliniwekea kofia yake kichwani kwa sababu ya jua. Tulitembea kidogo. "Kule shuleni," akasema, "nilikupigisha magoti."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu."

"Ndiyo, Afande."

Ilinitoka tu. Alisimama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, na nadhani kidogo alikuwa analia. Ile ndiyo siku Afande alipojua kwamba anaitwa Afande.

Chupa ya kwanza ya dawa ilinipa kwikwi. Wiki mbili za kwikwi, hata kanisani, kila padri akinyamaza mimi naitikia. Ilinitapisha kila asubuhi mpaka Mama akajifunza kunipa baada ya chakula, si kabla. Nikawa na usingizi kama chatu. Nikapungua, sketi ikafungwa na pini. Chupa ya pili nikanenepa, pini ikatoka. Kwenye kovu la mkono ngozi mpya ikaja nyeupe-nyekundu kama samaki aliyeparuliwa. Nilipigwa marufuku kubeba maji ya moto, kuteka maji peke yangu, kupanda miti. Mdogo wangu wa miaka sita akawekwa kunisindikiza kila mahali, na alinisindikiza kwa majivuno yasiyovumilika.

Shuleni mwalimu wa darasa alinihamishia mbele. Hakuuliza tena maswali ya kunikamata. Alisema tu, "Biira, tuko ukurasa wa ngapi?" na nisipojua alinionyesha kwa kidole, kimya kimya, kama mtu anayekurudishia kalamu iliyoanguka. Nilijifunza kuandika neno la kwanza la kila sentensi anayosema, ili nikienda nijue niliachia wapi. Nilijifunza kugawa kazi vipande vifupi. Sista Kanyere alinifundisha hilo, na kulala saa ileile kila siku, na kutoruka dawa hata siku najisikia mzima, hasa siku najisikia mzima.

Lakini aliuliza jambo moja kila nikifika. "Hesabu iko wapi?"

Na hapo ndipo sikuwa na ujanja. Mtu hawezi kuhesabu mara ambazo hakuwapo. Nilijaribu. Ukurasa wangu ulikuwa mweupe, na weupe ule haukusema kwamba nimepona, ulisema tu kwamba sijui. Lazima mtu mwingine akuangalie, akuangalie kwa upendo wa kutosha kuandika saa. Niliwahi kuwa na mtu huyo, nikamuuza kwa kicheko kimoja.

Nilimwambia Mama yote, siku tukikunja vitenge. Hakunipiga. Alikunja kile alichoshika, akakikunjua, akakikunja tena. "Utaenda kwa ule mutoto," akasema. "Lakini kwanza utasema pale uliposemea."

Kwa hiyo muhula mpya ulipoanza nilimwomba mwalimu dakika mbili, nikasimama mbele ya darasa. Nikasema, "Nina kifafa."

Wakacheka.

Wakacheka vizuri sana, Bwambale akapiga dawati. Walikuwa wanangoja sehemu inayofuata. Nilikuwa nimewafundisha mimi mwenyewe, mwaka mzima, kwamba nikisimama mbele ni kucheka. Nilisimama. Mwalimu hakuwanyamazisha, na sasa namshukuru. Nilisimama mpaka kicheko kikaanza kuchoka, kikabaki kwa mmoja mmoja, kikaisha.

"Ile michezo ya sanamu haikuwa mchezo. Kabugho hakuniroga, alikuwa ananihesabu ili nitibiwe. Siku ile Bwambale aliposoma, mimi nilikuwa najua. Nilijua, nikasema vile."

Bwambale aliangalia viatu vyake. Wakati wa uji msichana mmoja alivuta kikombe chake mbali na changu, si sana, upana wa kiganja. Basi. Ilinibidi ninywe uji wangu hivyohivyo, na ulishuka. Siku ya tatu Bwambale, yule asiye na mlango, alikaa upande wa dawati uliokuwa mtupu. "Nionyeshe jinsi Kabugho alivyokuhesabu," akasema. "Ila mimi siwezi kuchora B ile."

Kabla ya kwenda Kahendero nilipitia kwa bibi yake Kabugho. Nilipiga magoti bila kuambiwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Bati langu bado linavuja," akaingia ndani. Jumamosi iliyofuata Baba alipanda kule na misumari.

Likizo ya kiangazi ndipo aliponipakia kwenye pikipiki, amenifunga kwake kwa mkanda wa sare. Kahendero inanuka samaki kabla hujaiona. Tulimkuta Kabugho nyuma ya nyumba ya shangazi yake, beseni la samaki, ngege wa ziwani, kati ya magoti, anawaparua magamba. Amerefuka. Aliniona, akaendelea kuparua.

"Umekuja kuchekesha?"

"Hapana."

"Basi sema."

Nilisema. Nilikuwa nimeitengeneza hotuba njia nzima, ikatoka vipande. Nilimwambia nilijua siku ile, na kwamba nimesema darasani, na kwamba bibi hajanisamehe. Nilimwambia Sista anataka kumpa mkono.

"Bibi alikaa ndani wiki tatu," Kabugho akasema. "Mimi huku niliingia shule katikati ya muhula, wananiuliza umefukuzwa kwa nini. Nitawaambia nini? Nilifukuzwa kwa kuhesabu?"

Shangazi yake alinisukumia kisu na beseni la pili. Nikakaa mkabala naye. Tukaparua samaki, saa nzima, labda mbili. Magamba yalinigandia kwenye kovu. Kila nikiinua macho nilikuta yake yako kwangu, magumu, hayapepesi. Nikainamisha yangu. Niliona ni haki yake kunichukia kwa ukaribu.

"Kabugho!" shangazi akamkemea. "Angalia kisu, siyo mugeni! Utakata kidole."

Baba alipowasha pikipiki nilinawa, nikaaga. Shangazi akanifungia ngege wawili kwenye jani. Kabugho alitusindikiza mpaka barabarani, mikono imekunjwa.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Nasema tu ujue." Akatema upande. "Tangu umefika mpaka sasa. Hujaenda hata mara moja."

Ilinichukua muda kuelewa. "Ulikuwa unahesabu?"

"Lete daftari mara nyingine. Usiandike kwenye karatasi, zinapotea."

Pikipiki ikaondoka. Tulikuwa tumeshafika kwenye kona nikasikia Kabugho anaita, kwa sauti ya mwalimu akiwa na rejista, jina langu, mara moja tu, ingawa angeweza kuwa anaita yeyote kati ya Biira wanne.

Nilifungua mkanda wa Baba nikageuka, nikasimama juu ya vikanyagio, jambo nililokatazwa kabisa.

"Niko!"